Nyumba ya kukodisha Unguja na Pemba: mwongozo wa kupima hatari kabla ya kulipa

Anayenunua nyumba ili aikodishe hununua mapato ya miaka mingi ijayo, na kwa sababu hiyo swali linalostahili kutangulia bei ni kiasi gani mapato hayo yanatabirika. Visiwani kwetu swali hili hujibiwa kwa haraka. Husemwa kwamba ardhi haishuki thamani, kwamba watu wanaongezeka na wageni wanamiminika, kwa hiyo anayenunua leo hana cha kuhofia. Sehemu ya maneno hayo ni ya kweli: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773, na wote hao wanahitaji pa kulala. Hata hivyo, ongezeko la watu wa nchi nzima halimhakikishii mwenye nyumba moja ya Fuoni kwamba mwezi wa Aprili nyumba yake itakuwa na mpangaji, wala halimhakikishii mnunuzi kwamba aliyemuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Mwongozo huu unagawa hatari katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hatari zinazoingia katika hesabu: nyumba kukaa tupu, bati kuvuja, mpangaji kuchelewa kulipa, msimu kuwa mbaya, shilingi kushuka. Hatari hizi hutokea kwa kila mwenye nyumba, kisichojulikana ni lini na kwa kiasi gani, na mtu anaweza kuzitengea fedha. Fungu la pili ni la hatari zinazoondoa mali yote kwa mara moja: hati isiyo sahihi, mrithi aliyeachwa, nyumba ya wakfu iliyouzwa kama milki, kiwanja kilichokatwa mahali pasiporuhusiwa kujengwa. Hizi hazina bei. Hakuna kodi ya mwezi iliyo kubwa kiasi cha kumfidia mtu kwa hatari ya kupoteza nyumba nzima. Kwa hiyo fungu la pili hushughulikiwa lote kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika bei, na la kwanza hupangiwa bajeti. Wanunuzi wengi hufanya kinyume; huvutana na dalali wiki nzima juu ya bei, kisha nyaraka wakazitazama wakiwa wameshatoa nusu ya fedha.

Hatua ya kwanza: amua utamkodisha nani kabla ya kuamua utanunua wapi

Utulivu wa mapato hutegemea utulivu wa mpangaji, na utulivu wa mpangaji hutegemea chanzo cha fedha zake. Mtumishi wa umma anayekaa na familia yake Tomondo, Kiembesamaki au Mwanakwerekwe hulipwa mshahara kila mwezi, watoto wake wanasoma karibu, na kuhama kwake ni usumbufu anaoukwepa. Kodi anayoweza kulipa si kubwa, ila hulipwa. Wanafunzi wa vyuo vya Tunguu, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Zanzibar, huhitaji vyumba kila mwaka, na hakuna anayetarajia mahitaji hayo yakatike. Lakini likizo ndefu huwaondoa, na chumba kinachokaliwa na vijana wanne huchakaa kwa mwaka kama kinavyochakaa cha familia kwa miaka mitatu. Anayejenga mabanda ya wanafunzi aweke miezi kumi ya kodi katika hesabu yake, asiweke kumi na mbili.

Mpangaji anayesahaulika mara nyingi ni mfanyakazi wa hoteli. Paje, Jambiani, Nungwi na Kiwengwa zina watu wengi kutoka mjini, Pemba na Tanzania Bara wanaokodi chumba kwa mwezi ili wawe karibu na kazi. Kwa sura ya nje huyu ni mpangaji wa kawaida, hana uhusiano na utalii. Kwa hakika riziki yake imefungwa na msimu: hoteli zinapopunguza watu au kufunga kabisa wakati wa masika, kuanzia Aprili hadi Mei, wengi hupewa likizo isiyo na malipo na kurudi kwao. Mwenye vyumba sita Paje anayejiona amejitenga na hatari ya utalii kwa kuwa hakodishi kwa wageni anaibeba hatari ile ile kwa mlango wa nyuma.

Mgeni anayelipa kwa usiku ndiye anayeleta fedha nyingi zaidi, na ndiye asiyetabirika kuliko wote. Takwimu za watalii walioingia Zanzibar zinaeleza jambo hili vizuri: mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 538,000, mwaka 2020, maradhi ya Uviko yalipofunga anga za dunia, walishuka hadi karibu 260,000, mwaka 2023 walipita 638,000. Mtu akitazama mstari wa 2019 hadi 2023 ataona ukuaji. Aliyekuwa na deni la kulipa katikati ya mwaka 2020 aliona kitu kingine kabisa, na wapo walioziachia nyumba zao kwa bei ya kutupa wakati ule, kabla ya soko kurudi. Mali ambayo wastani wake ni mzuri inaweza kumfilisi mwenyewe kabla wastani huo haujatimia.

Pemba ina utaratibu wake. Chake Chake na Wete wapangaji wa kutegemewa ni watumishi wa serikali, walimu, wafanyakazi wa benki na wa miradi, na idadi yao si kubwa. Nyumba ikikosa mpangaji hukaa tupu muda mrefu kuliko mjini Unguja. Biashara za maduka na fremu hutegemea pia karafuu, zao ambalo haliwi sawa kila mwaka: msimu mkubwa hufuatiwa na misimu midogo. Mfanyabiashara wa Wete hulipa kodi ya fremu yake bila kukumbushwa karafuu zikiwa nyingi, na mwaka unaofuata huomba avumiliwe. Kinachomsaidia mwekezaji wa Pemba ni bei ya kuingilia iliyo ndogo, na faida hiyo ipimwe kwa kukumbuka kwamba siku ya kuuza nako wanunuzi ni wachache.

Hatua ya pili: thibitisha haki ya muuzaji, karatasi kwa karatasi

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi kuliko nyingine zote. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992 imeweka kwamba mtu binafsi hupata haki ya matumizi ya ardhi, haki ambayo hurithiwa na kuhamishwa kwa utaratibu maalumu. Haki hiyo ni ya Mzanzibari. Mgeni kutoka nje hupitia mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu chini ya taratibu za uwekezaji zinazosimamiwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, au hununua fleti chini ya sheria ya mwaka 2010 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo peke yake bila kiwanja chake. Mgeni anayeshauriwa «kununua kwa jina la rafiki» anashauriwa kununua nyumba ya rafiki.

Anza kwa kuuliza nyaraka gani zipo. Katika maeneo mengi ya wilaya za Magharibi na ya mashamba, mauzo yamekuwa yakifanywa kwa karatasi ya makubaliano iliyoshuhudiwa na sheha na wazee wa mtaa. Ushuhuda wa sheha una thamani: yeye anajua nani amekaa pale, nani alikuwa jirani, ugomvi gani uliwahi kutokea. Lakini muhuri wake hauthibitishi umiliki, na karatasi ile haimzuii mtu mwingine kuja na hati iliyosajiliwa. Nenda na nakala Kamisheni ya Ardhi, ulizia kama kiwanja kimesajiliwa, kwa jina la nani, na kama kina zuio au rehani. Kama hakijasajiliwa, uliza kama kinaweza kusajiliwa na kwa nini muuzaji hajafanya hivyo. Jibu la «ni gharama tu» linaweza kuwa la kweli, na njia ya kulijaribu ni kumwambia muuzaji kwamba utalipia usajili na kukata gharama hizo katika bei. Muuzaji ambaye hana la kuficha hukubali. Kumbuka pia kwamba uhamishaji wa ardhi hupita katika Bodi ya Uhamishaji Ardhi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mauzo yaliyoruka hatua hiyo hayajakamilika hata kama fedha zimekwisha kulipwa.

Viwanja vingi vya pembezoni mwa mji vimekatwa kutoka katika eka tatu, yaani mashamba yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi. Mashamba hayo yalitolewa kwa kilimo na uhamishaji wake una masharti, kwa hiyo kipande kilichokatwa na mwenye eka bila ruhusa kinaweza kuwa na nyumba nzuri juu yake na kasoro chini yake. Ukiambiwa kiwanja kimetoka katika eka, dai kuona jina la aliyepewa eka hiyo na namna ilivyofika kwa muuzaji. Tazama pia miti. Kwa desturi yetu mtu anaweza kuwa na minazi au mikarafuu katika ardhi ambayo matumizi yake ni ya mwingine, na aliyekata mnazi wa watu ili apate nafasi ya karo, yaani shimo la maji machafu, atadaiwa fidia, na mara nyingi atadaiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Mirathi ndiyo inayovunja mauzo mengi ya mjini. Nyumba ya Malindi, Jang'ombe au Mkunazini inaweza kuwa ya marehemu aliyefariki miaka thelathini iliyopita, haijagawiwa, na anayeiuza ni mtoto mmoja aliyekuwa akikaa ndani. Wenzake wako Muscat, Dubai, Mombasa, na mmoja wao ameshafariki naye akaacha warithi. Kila mmoja wa hao ana fungu lake kwa sheria ya Kiislamu, dogo au kubwa, na mwenye fungu dogo kabisa anaweza kwenda mahakamani kupinga mauzo. Dai hati ya mirathi iliyotolewa na mahakama ya Kadhi au na mamlaka inayohusika na mirathi, yenye majina ya warithi wote, na saini ya kila mmoja au wakala wake mwenye hati ya uwakilishi iliyo hai. Kauli ya «ndugu zangu wote wanajua» haichukui nafasi ya saini. Ipo tabia ya kuona haya kuuliza mambo haya kwa mtu anayeheshimika mtaani. Mimi naona kumuuliza ndiko kumheshimu, kwa kuwa kunamwepusha na kesi baina yake na ndugu zake.

Kisha kuna wakfu. Idadi kubwa ya nyumba za Mji Mkongwe ni za wakfu, nyingine zikiwa chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mali ya wakfu haiuzwi. Hukodishwa, na kodi yake hupelekwa pale mwenye kuweka wakfu alipoagiza. Mtu anayelipa kilemba, yaani fedha za kuachiwa nafasi na mpangaji aliyepo, ili achukue nyumba au duka la wakfu amenunua nafasi ya upangaji tu. Hakuna ubaya katika hilo endapo analijua, bei inalingana nalo, na Kamisheni imemtambua yeye kuwa mpangaji. Ubaya ni kulipa fedha za milki kwa kitu kisicho milki, halafu kukikodisha kwa mtu wa tatu kinyume cha mkataba. Nyumba nyingine zilichukuliwa na Serikali baada ya mwaka 1964 na wakaazi wake ni wapangaji wa Serikali kwa miaka mingi. Nazo ziulizwe kabla ya kuaminiwa.

Mambo mawili ya mwisho katika hatua hii yatazamwe kwenye ramani, si kwenye karatasi za mauzo: hifadhi ya barabara, kwa kuwa upanuzi wa barabara umeshawagusa wengi mjini na shamba, na pwani, ambako ujenzi unatakiwa kuacha mita 30 kutoka pale maji yanapofika yakijaa. Nyumba iliyoingia ndani ya mita hizo huvutia wageni zaidi, na ndiyo itakayobomolewa au kuliwa na bahari.

Hatua ya tatu: litazame jengo wakati mbaya wa mwaka

Nyumba ionwe wakati wa masika. Dalali atakupendekezea Januari, jua likiwa kali na kuta zikiwa zimekauka, na akikuhimiza mno juu ya Januari hilo nalo ni taarifa. Mitaa ya mabondeni kama Sebleni na ile inayozunguka bwawa la Mwanakwerekwe imezoea kusikika katika habari za mafuriko, na ingawa mitaro imejengwa, sehemu nyingine za Fuoni na Tomondo zimejengwa juu ya njia za maji kwa sababu hazikupimwa. Waulize majirani, hasa wanawake wanaoshinda nyumbani, maji yalifika wapi mwaka jana. Alama ya unyevu ukutani hufutwa kwa rangi, jirani hafutwi.

Maji ya kutumia ni swali la pili. Uliza maji ya Mamlaka ya Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kama kuna tangi la akiba, na kama kisima kipo, maji yake yaonjwe: visima vya ukanda wa pwani hupata chumvi, na maji ya chumvi huharibu mabomba na hita na kumkimbiza mpangaji. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari hadi Fumba, na historia yake inafundisha: mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani miezi mitatu. Mambo yamebadilika tangu hapo, lakini anayejenga nyumba ya wageni bila kuweka bajeti ya jenereta au sola anadhani historia haijirudii.

Mji Mkongwe una sura yake peke yake. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kuta hizi zinahitaji kupumua. Zikipigwa plasta ya saruji unyevu hufungiwa ndani, chokaa humomonyoka, na boriti huanza kuliwa pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na ikaua. Mnunuzi alipie fundi anayejua chokaa achomoe vipande vya plasta na kuchungulia ncha za boriti, hata kama muuzaji atanuna. Ajue pia kwamba mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kwamba kubadilisha mlango, baraza au paa kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Gharama za matengenezo hapa hukisiwa, kisha kisio huzidishwa kwa mbili.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya mwaka mbaya

Dalali hufanya hesabu moja: kodi ya mwezi mara kumi na mbili. Tuifuate kwa mfano wa kubuni, halafu tuisahihishe. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu Tomondo inauzwa shilingi 90,000,000 na kodi yake ni 450,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya dalali inaingiza 5,400,000 kwa mwaka, yaani asilimia 6 ya bei. Sasa ondoa mwezi mmoja wa kukaa tupu, 450,000, zinabaki 4,950,000. Ondoa matengenezo kwa asilimia 1 ya thamani, 900,000. Ondoa ujira wa dalali, mwezi mmoja wa kodi kila baada ya miaka miwili, ambao kwa mwaka ni 225,000. Tenga asilimia 10 ya kodi iliyopokewa kwa ajili ya kodi ya mapato, 495,000. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi sheria inamtaka aikate mwenyewe na kuipeleka TRA, kwa hiyo usishangae kupokea pungufu. Zinabaki 3,330,000, sawa na asilimia 3.7.

Hiyo ni ya mwaka wa kawaida. Katika mwaka mbaya nyumba inakaa tupu miezi minne na bati linabadilishwa kwa 1,900,000, gharama inayochukua nafasi ya matengenezo ya kawaida. Mapato ni 3,600,000. Ukiondoa 360,000 za kodi ya mapato, 225,000 za dalali na gharama ya bati, zinabaki 1,115,000, asilimia 1.2. Si faida ya kujivunia, lakini nyumba haijamwomba mwenyewe fedha.

Chukua sasa nyumba ya wageni Paje ya dola 100,000, ikikodishwa kwa dola 80 kwa usiku. Tuseme kila dola inayoingia, senti 30 zinakwenda kwa kamisheni ya mitandao ya kuwekea nafasi, kufua mashuka, usafi na kodi na tozo za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na kwamba mlinzi, mtunzaji, umeme, bustani na leseni ya Kamisheni ya Utalii vinakula dola 6,000 kwa mwaka, wageni waje wasije. Mwaka mzuri wenye usiku 219 unaingiza 17,520 na kumwachia mwenye nyumba 6,264. Mwaka wa kati wenye usiku 164 unaingiza 13,120 na kumwachia 3,184. Mwaka mbaya wenye usiku 73 unaingiza 5,840, na baada ya gharama zote mwenye nyumba anatoa mfukoni dola 1,912.

Weka namba hizo pamoja. Ya Tomondo inatembea kati ya asilimia 1.2 na 3.7, ya Paje inatembea kati ya hasara ya karibu asilimia 2 na faida ya asilimia 6.3, na mwaka wake wa kati haufikii mwaka wa kawaida wa Tomondo. Nyumba nyingine zitatoa namba nyingine, na Paje inaweza kushinda kwa mbali ikisimamiwa na mtu anayeijua kazi. Jambo la kulitazama ni upana wa nafasi iliyopo kati ya mwaka mzuri na mbaya, pamoja na gharama zisizopungua wageni wakikosekana, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua nani atahitaji kuuza wakati wasiotaka kuuza. Mwenye mshahara au duka linalomtosha anaweza kuubeba upana huo. Mjane aliyepata fungu lake la mirathi na kutaka limlishe kila mwezi hawezi, na anayemuuzia nyumba ya ufukweni kwa maneno ya faida hamtakii mema.

Fanya hesabu hii mwenyewe, kwa kalamu, na kwa kodi ambazo majirani wanalipa hasa. Kodi inayotangazwa ni matumaini ya mwenye nyumba. Inayolipwa huijua mpangaji.

Hatua ya tano: chunguza fedha unazonunulia

Wazanzibari wengi hawataki riba, na kwa hiyo hununua kwa fedha taslimu, kidogo kidogo, msingi mwaka huu na kuta mwakani. Njia hii ina ulinzi ambao haupewi sifa yake: asiye na deni hawezi kunyang'anywa nyumba kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Hatari yake ni ya namna nyingine, kwamba akiba yote ya maisha imelala katika ukuta mmoja wa mtaa mmoja. Anayehitaji kuongezewa anaweza kuuliza huduma za Kiislamu kama zile za PBZ Ikhlas, tawi la Kiislamu la Benki ya Watu wa Zanzibar, ambako benki hununua na kumuuzia kwa faida iliyotajwa mwanzoni. Kwa upande wa kutabirika, kiasi kilichotajwa mwanzoni ni faida kubwa, ila malipo ya kila mwezi hayajui masika. Yalinganishe na hesabu ya mwaka mbaya, si na ya mwaka mzuri.

Sarafu nayo ina lake. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, katikati ya mwaka 2024 ikapita 2,600, kisha ikashuka kabla ya mwaka huo kwisha. Mwenye mapato ya dola na gharama za shilingi hufurahi inapopanda na hubanwa inaposhuka. Linalofaa ni kulinganisha sarafu ya deni na sarafu ya mapato, na kuacha kubahatisha mengine.

Hatua ya sita: andika mkataba unaosema mambo madogo

Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja humpa mwenye nyumba utulivu, lakini huwafukuza wapangaji wazuri wasio na fedha nyingi kwa mara moja, na humfanya mwenye nyumba kula Januari fedha za Juni. Kwa familia yenye mshahara, miezi mitatu na amana ya mwezi mmoja inatosha. Mkataba utaje nani analipa umeme wa tukuza, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, na maji, nani anamwaga karo likijaa, nani anabadilisha kitasa na nani anatengeneza paa, taarifa ya kuhama ni ya muda gani, na kodi itapandishwa lini na kwa kiasi gani. Orodha ya vitu vilivyomo na hali yake isainiwe siku ya kukabidhiana funguo, na sheha ajulishwe jina la anayehamia. Katika miaka ya uchaguzi mkubwa ni busara mkataba usiishie Oktoba. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa na kurudiwa Machi 2016, wengi waliokuwa wahame au wahamie walisubiri, na nyumba iliyoachwa tupu katika miezi hiyo ilikuwa na wateja wachache.

Hatua ya saba: tenga akiba, na weka daftari

Kabla ya kuhesabu faida yoyote, jaza akiba inayolingana na kodi ya miezi sita kwa nyumba ya mpangaji wa mwezi, na gharama zote za mwaka mzima kwa nyumba ya wageni. Daftari liandike kila siku ambayo nyumba ilikaa tupu, kila fundi na alicholipwa. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa na taarifa bora kuliko za dalali yeyote, na ndilo la kutumia unapoamua kuongeza nyumba ya pili au kuiuza ya kwanza.

Nyaraka zote zitolewe nakala, na watu wawili wa familia wajue asili yake imehifadhiwa wapi. Anayenunua pamoja na nduguye au mwenzake aandike fungu la kila mmoja siku ile ile ya kulipa, mbele ya wakili na mashahidi, pamoja na utaratibu wa mmoja kumnunua mwenzake endapo atataka kutoka au atafariki.